Mikia Minane Iliyofutwa

Kila siku ya shule, kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wengine walishika njia ya nyumbani, naye Vidole akashika njia ya zahanati. Mama yake alikuwa muuguzi wa chanjo, na alitoka kazini saa kumi na moja. Nyumbani hapakuwa na mtu mchana kutwa, kwa hiyo binti huyo wa miaka kumi na mitatu alimsubiri mama katika chumba cha kumbukumbu, akifanya mazoezi yake ya hesabu kwenye kona ya meza.

Vidole halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake darasani walimpa jina hilo baada ya mashindano ya kupiga chapa, alipomaliza ukurasa mzima bila kutazama kibodi hata mara moja. Jina likamganda kama gundi. Hata mama yake alikuwa amelizoea, na Vidole mwenyewe alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa chembamba, chenye dirisha moja na rafu zilizofika darini. Kwenye rafu hizo yalipangwa masanduku kumi na manne ya kadi za watoto. Mezani palikuwa na kompyuta moja, iliyofunikwa kitambaa cha maua ili isiingie vumbi. Mwenye chumba alikuwa karani mzee ambaye watoto wote walimwita Babu Karani. Alikuwa ameandika kadi kwa mkono zaidi ya miaka thelathini, kwa mwandiko mzuri ulionyooka kama uzi. Kompyuta ilimkuta akiwa mtu mzima. Alibonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja, na mwenyewe alijicheka akisema anadonoa kama kuku mwenye mtama mchache.

Siku za Jumatano mama alimruhusu Vidole kuchapa lebo mpya za masanduku. Ruhusa hiyo ilikuja na sharti.

"Lebo tu, mwanangu. Mafaili mengine si yako na si yangu. Ni ya watoto wa watu."

"Nimesikia, mama."

Jumatano moja Vidole alimaliza lebo mapema. Babu Karani alikuwa ametoka kwenda kuchukua kadi za wajawazito. Vidole akabaki anaitazama folda ya zahanati kwenye skrini, akaona mafaili yake hayapendezi. Kila jina lilikuwa na nukta na herufi kadhaa mwishoni, kama mkia. Kwenye kompyuta za shule majina hayakuwa na mikia. Yeye alipenda usafi, na alijua kabisa jinsi ya kubadilisha jina la faili. Ni kazi ya nusu dakika, akajiambia. Nitawapangia vizuri, watashangaa.

Akaanza na lile lililoitwa "Chanjo ya watoto". Akafuta mkia. Ujumbe ukatokea katikati ya skrini, maneno mengi kidogo, na chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Hakuusoma. Akabonyeza Ndiyo. Akaendelea na la pili, na la tatu, na kila ujumbe ulipotokea aliufukuza kama inzi. Alipofika la nane majina yote yalikuwa mafupi na safi. Aligundua jambo moja tu. Vile vipicha vya rangi vilivyokuwa kando ya majina vilikuwa vimegeuka karatasi nyeupe tupu. Wasiwasi kidogo ukamshika, lakini mama alikuwa tayari anamwita mlangoni, na mkoba ulikuwa begani. Akaizima kompyuta, akaifunika kitambaa chake, wakaenda zao.

Ijumaa alipofika zahanati hakumkuta mtu kwenye benchi la nje. Ndani ya chumba cha kumbukumbu mama yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Babu Karani, na wote wawili walikuwa wameikazia macho skrini kama watu wanaosoma barua ya msiba.

"Shikamoo, Babu. Shikamoo, mama."

Babu Karani aliitikia kwa sauti ya chini. Mama alisema tu, "Marahaba. Weka mkoba, usiguse kitu."

Vidole akachungulia. Skrini nzima ilikuwa imejaa takataka. Mahali pa majina na mitaa palikuwa na vijisanduku, alama za kuuliza, herufi zenye vichwa vya ajabu, zimefuatana mstari hadi mstari bila nafasi. Mwanzoni kabisa, juu kushoto, zilionekana herufi mbili tu zinazosomeka: P na K.

"Nililibofya faili la chanjo kama siku zote," Babu Karani alikuwa akieleza, pengine kwa mara ya tatu. "Ikaniuliza nataka kufungua kwa programu gani. Haijawahi kuniuliza hivyo. Nikachagua ile ya kwanza. Ndipo yakamwagika haya. Nikajaribu kufuta kidogo nione kama chini yake kuna majina."

Mama alishusha pumzi. Vidole alikuwa akisikia habari za surua tangu jana yake. Watoto wawili wa nyumba moja kule mtaa wa wapasua kokoto walikuwa wameletwa wakiwa na homa, macho mekundu na vipele. Kesho, saa moja asubuhi, wahudumu sita walikuwa waende nyumba kwa nyumba kuwachanja watoto wote ambao hawakurudi kupata chanjo ya pili. Orodha ya watoto hao, pamoja na mitaa, namba za nyumba na simu za wazazi, ilikuwa ndani ya faili hilo.

"Hebu nilifunge nilifungue tena," mama akasema, akashika kipanya.

Alipobonyeza alama ya kufunga, kompyuta ikamuuliza kama ahifadhi mabadiliko. Mshale ukaenda moja kwa moja kwenye Ndiyo.

"Mama, usihifadhi," Vidole akasema. "Sema hapana."

Mkono wa mama ukasimama. "Kwa nini?"

"Babu amefuta baadhi. Ukihifadhi, yaliyofutwa hayarudi. Tumefundishwa shuleni."

Mama akamtazama kidogo, kisha akabonyeza Hapana. Faili likafungwa. Kwenye folda Vidole akaliona jina lake, fupi na safi, bila mkia, na kando yake karatasi nyeupe tupu. Alielewa palepale kwamba jambo hili lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa yeye.

Akarudi nyuma hatua moja, akaegemea rafu.

Mama akampigia fundi wa kompyuta, dada mmoja aliyehudumia zahanati nyingi na aliyekuwa wakati huo katika mji mwingine, mwendo wa saa nne. Akaiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Kuna mtu aliyebadilisha chochote kwenye mashine wiki hii?" fundi aliuliza.

Mama akamtazama Babu Karani. Mzee akashika paji la uso.

"Sina hakika, fundi. Mimi na mashine hii hatupikiki chungu kimoja. Labda nilibonyeza kitu bila kujua. Andika kwamba ni mimi."

Fundi akajibu, "Kama hakuna kilichobadilishwa kwa kukusudia, basi naogopa mambo mawili. Ama virusi, ama diski inakufa. Izimeni kabisa. Nitafika Jumatatu. Na mjiandae, huenda ikabidi niifute mashine yote nianze upya. Mna nakala ya akiba?"

"Ipo kwenye flashi," mama akasema, kisha akafikiri. "Lakini ni ya miezi mitatu iliyopita. Nilikuwa nafanya kila mwezi, nikazembea."

Kompyuta ikazimwa. Babu Karani akavuta ngazi ndogo, akapanda, akateremsha sanduku la kwanza la kadi.

"Tulifanya kazi kabla ya mashine," akasema. "Tutapitia kadi. Nipe karatasi, mjukuu wangu. Mimi nasoma, wewe andika jina la mtoto na nyumba."

Walianza. Kadi zilikuwa zimepangwa kwa tarehe ya kuzaliwa, si kwa mtaa, kwa hiyo ilibidi kila moja isomwe mbele na nyuma. Mzee aliisogeza kadi karibu na dirisha, akaipeleka mbali na uso, akairudisha karibu, kisha akasoma. Miwani yake ilikuwa na mguu mmoja. Upande wa pili alikuwa ameufunga kwa uzi. Baada ya dakika arobaini walikuwa hawajafika nusu ya sanduku, na kwenye karatasi ya Vidole palikuwa na majina tisa.

Vidole alikuwa mzuri wa hesabu, na hesabu hii ilimchoma. Masanduku kumi na manne. Hata wakikesha, alfajiri itawakuta katikati ya safari.

"Jumatatu nitaongea na mganga mkuu," Babu Karani akasema ghafla, bila kuinua macho. "Aniweke mlangoni nipokee wagonjwa. Huku aletwe kijana anayejua haya mambo. Kitu cha kuwadhuru watoto kwa sababu ya kidole changu, hapana. Siwezi."

Kalamu ya Vidole ikasimama juu ya karatasi.

Angeweza kungoja. Fundi angekuja Jumatatu, angeifuta mashine, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Wenzake wangeendelea kumwita Vidole. Lakini mzee huyu angekaa mlangoni akiamini maisha yake yote kwamba aliwaharibia watoto orodha. Na wale watoto wa mtaa wa wapasua kokoto je? Vidole akapiga moyo konde, akainuka.

"Nakuja, Babu."

Mama alikuwa chumba cha chanjo, ameinama mbele ya jokofu, anasoma kipimajoto na kuandika kwenye daftari.

"Mama."

"Mmh."

"Babu Karani hakukosea. Ni mimi."

Mama akaandika namba aliyokuwa ameisoma, akaifunga kalamu, ndipo akageuka. "Wewe umefanya nini?"

"Nilibadilisha jina la faili. Jumatano. Nilitaka mafaili yapangike vizuri."

"Na tulipokuwa tunaongea na fundi, ulikuwa umesimama pale pale."

"Ndiyo, mama."

"Ukamwacha mzee wa watu ajibebeshe mzigo wako."

Machozi ya Vidole yalikuwa yamefika, akayazuia kwa nguvu, maana alihisi kwamba akilia sasa atakuwa anaomba kuhurumiwa kabla hajamaliza kazi aliyoijia.

"Twende," mama akasema. "Utayasema mbele yake, kisha utayasema kwa fundi. Mimi sitakusemea."

Babu Karani alisikiliza hadi mwisho. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Kwa hiyo si mimi," akasema polepole.

"Si wewe, Babu. Nisamehe."

"Tangu adhuhuri nimejiona mzigo humu ndani." Akaitazama kadi iliyokuwa mkononi, akairudisha sandukuni mahali pake. "Haya. Fundi bado anadhani ni virusi. Mpigie."

Safari hii Vidole ndiye aliyeshika simu. Alieleza jinsi alivyofuta mkia wa jina siku ya Jumatano.

"Sikiliza, mdogo wangu," fundi akasema. "Mimi niko mbali, sina macho huko. Macho yangu ni maneno yako. Ukinipa nusu ya ukweli, nitatengeneza nusu ya kosa. Faili lilipofunguka vibaya, mwanzoni kabisa pale juu uliona herufi gani?"

"P na K. Mengine yote takataka."

Fundi alicheka kicheko kifupi cha mtu aliyetua mzigo. "Basi faili ni zima. Mafaili haya ya ofisi hukunjwa na kufungwa, kama nguo ndani ya sanduku, na juu ya kila sanduku huandikwa hizo herufi mbili. Mkia wa jina ndio unaoiambia kompyuta ni programu gani inayoweza kulifungua sanduku. Wewe ulipoufuta, kompyuta haikujua impe nani. Mzee akaipa programu ya maandishi matupu, ambayo haijui kukunjua kitu. Ikasoma mbao za sanduku badala ya nguo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada."

"Uliufuta mkia wa faili hilo tu?"

Faili la chanjo ndilo lililokuwa linatafutwa. Mengine hakuna aliyeyataja. Vidole aliwatazama mama na Babu Karani, wote wawili wakimngoja.

"Manane," akasema. "Niliyafuta yote manane."

Mama alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Vema umesema," fundi akajibu. "Chukua karatasi. Andika majina yote manane, na kando ya kila moja andika mkia unaoukumbuka. Usiokumbuka, usibuni. Acha wazi."

Waliiwasha kompyuta. Vidole akaandika. Mikia sita aliikumbuka. Miwili ilikataa katakata kuja, akaacha nafasi tupu.

"Sasa, kabla hujagusa lolote, tengeneza folda mpya. Nakili mafaili yote manane humo. Tutafanya kazi kwenye nakala. Zile za asili ziache zilale. Fundi anayefanyia majaribio kitu cha pekee si fundi, ni mvunjaji."

Vidole alifanya alivyoambiwa. Safari hii vidole vyake vilikwenda taratibu. Akachagua nakala ya faili la chanjo, akabofya upande wa kulia wa kipanya, akachagua kubadilisha jina. Mwishoni mwa jina akaweka nukta.

"Herufi nne," fundi akasema. "Eksi, eli, esi, eksi. Usiache nafasi katikati."

Ujumbe ukatokea, uleule wa Jumatano. Kidole cha Vidole kilikuwa tayari kinakwenda kwenye Ndiyo kwa mazoea. Akakirudisha, akausoma kwa sauti, neno kwa neno. Ulisema kwamba ukibadilisha mwisho wa jina, faili linaweza kushindwa kutumika, je, una hakika unataka kubadilisha?

"Ulikuambia mara nane," mama akasema.

"Ndiyo, mama. Sikusoma hata mara moja."

Akabonyeza Ndiyo. Karatasi nyeupe ikageuka kipicha cha kijani. Akakibofya mara mbili. Skrini ikafikiri kidogo, kisha jedwali likafunguka, safu kwa safu, majina, mitaa, namba za nyumba.

Babu Karani alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo. Kisha akakunja uso. "Mbona tarehe za kuzaliwa hakuna?"

Kweli. Safu nzima ya tarehe ilikuwa imejaa alama zinazofanana na reli zilizopandana, kuanzia juu hadi chini. Vidole akamweleza fundi alichokiona, bila kuongeza wala kupunguza.

"Hizo si mbovu," fundi akasema. "Safu imebana, tarehe haienei ndani yake. Mtu mnene akishindwa kupita mlangoni hajafa. Panua mlango. Shika mstari wa juu kati ya safu hiyo na inayofuata, uvute kulia."

Vidole akauvuta. Reli zikatoweka, tarehe zikajitokeza.

Babu Karani akakohoa. "Hapo sasa nadhani ni mimi. Wiki iliyopita niliuvuta mstari ule ili jina la mtaa lionekane vizuri. Naomba liandikwe kwangu."

Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu mchana, na hata fundi akasikika akicheka kule aliko. Lakini mama hakuruhusu furaha iende mbali.

"Kufunguka si kupona," akasema. "Nataka kuwa na hakika. Mzee wangu, daftari lako la mwezi linasema tuna watoto wangapi?"

Babu Karani akafunua daftari. "Elfu moja mia sita na kumi na wawili."

Vidole akashuka hadi mwisho wa jedwali. Mstari wa mwisho ulikuwa wa elfu moja mia sita na kumi na tatu. Umezidi mmoja, akadhani, kisha akakumbuka kwamba mstari wa kwanza kabisa ni wa vichwa vya safu. Hesabu ilikuwa sawa. Mama akachomoa kadi tano kutoka masanduku matano tofauti, akazisoma moja baada ya nyingine, naye Vidole akazitafuta kwenye jedwali. Jina, tarehe, nyumba, simu. Zote tano zikalingana, na fundi akaaga akisema safari ya Jumatatu haina haja tena.

Hapo ndipo walipochuja watoto waliokosa chanjo ya pili. Wakapatikana mia moja themanini na saba. Wakawapanga kwa mitaa, wakachapa. Printa ya zahanati ilikuwa na tabia ya kumeza karatasi mbili kwa pamoja, kwa hiyo Babu Karani alisimama kando yake akiilisha karatasi moja moja kama mtu anayemlisha mtoto msumbufu. Jua lilikuwa bado halijazama walipofunga mlango, na karatasi sita, moja kwa kila mhudumu, zilikuwa ndani ya bahasha.

Walipokaribia nyumbani ndipo mama alipotamka adhabu.

"Kwa wiki mbili hutagusa kompyuta ile kwa mkono. Lakini kila siku utakaa kando ya Babu Karani, umfundishe kwa mdomo. Yeye abonyeze. Mafaili saba yaliyobaki mtayarudisha hivyo."

"Sawa, mama," Vidole akasema. Kwake adhabu ile ilikuwa nzito kuliko kufagia zahanati nzima.

Jumamosi wahudumu walizunguka mitaa hadi jioni. Jumatatu Vidole alipofika chumba cha kumbukumbu, karatasi sita zilikuwa zimerudi mezani, zimechakaa kwa jasho na vumbi, na kando ya majina zilikuwa alama za kalamu. Watoto mia moja themanini na mmoja walikuwa wamechanjwa. Sita walikuwa wamehama au wamesafiri, na wazazi wao wameshapigiwa simu. Katika nyumba mbili, wahudumu waliwakuta watoto watatu ambao homa ndiyo kwanza inaanza. Waliletwa zahanati siku hiyohiyo, mapema, kabla hawajawaambukiza majirani wengine.

Babu Karani alikuwa tayari amekaa mbele ya kompyuta, kidole kimejiandaa. Vidole akaketi kando, mikono ameikalia ili isimponyoke.

"Chagua faili, Babu. Bofya kulia. Sasa badilisha jina. Nenda mwisho wa jina, weka nukta."

Waliyamaliza yale matano ambayo mikia yake ilikuwa inajulikana. Yakabaki mawili yaliyoachwa wazi kwenye karatasi. Walijaribu mkia wa jedwali kwenye nakala ya kwanza. Programu ikakataa, ikasema haiwezi kulifungua. Babu Karani akaondoa mkono kwenye kipanya kana kwamba kimemuunguza.

"Haijaumia, Babu, ni nakala," Vidole akasema. "Jaribu mkia wa maandishi."

Mzee akadonoa herufi moja moja. Ujumbe ulipotokea aliusoma wote kwa sauti, akabonyeza Ndiyo. Barua ya zahanati ikafunguka, safi, na mhuri wake juu. Nakala ya pili ilikubali mkia wa jedwali mara ya kwanza. Babu Karani akaegemea kiti.

"Mlangoni siendi tena," akasema.

Mama alikuwa amesimama kizingitini, flashi mkononi. Alikuja kuchukua nakala ya akiba, na tangu siku hiyo aliichukua kila Jumatatu. Aliiweka mezani, akavuta kiti, akaketi mbele ya binti yake.

"Mwanangu, kila mtu humu ndani alikosea wiki iliyopita. Mzee alibana safu. Mimi niliacha kutunza nakala. Wewe ulifuta mikia. Makosa yote hayo yalirekebishika kwa simu moja. Kosa lako wewe, baada ya kulisema, lilitengenezwa kwa dakika kumi. Lakini ukimya wako ulikuwa unataka kutufutia mashine yote, kumtoa mzee kwenye kazi aliyoifanya maisha yake, na kuwaacha watoto wale watatu siku mbili zaidi na homa. Umeona kipi kilikuwa kikubwa?"

"Ukimya, mama."

"Mtu anayejua kazi hukosea kama wengine. Tofauti yake ni kwamba akikosea, yeye ndiye wa kwanza kusema, tena anasema yote manane, si lile moja linalotafutwa. Ulipochelewa kusema, ulikosea. Uliposema, ulisema yote. Nimeyaona yote mawili, na nimeyaweka moyoni yote mawili."

Vidole aliinamisha kichwa. Alipoinua, Babu Karani alikuwa amemsogezea karatasi tupu na kalamu.

"Niandikie hatua zote, mjukuu wangu," akasema. "Kwa mpangilio, kuanzia kutengeneza nakala. Siku ukiwa shuleni mashine ikinichezea, nataka nianze mwenyewe."

Vidole akashika kalamu, akaanza kuandika hatua ya kwanza.